Vizuizi vya Safari Wakati wa UVIKO-19, Utalii wa Kuzamia Visiwani na Afya ya Wanaoutegemea

Utangulizi

Katika historia ya tiba, kufunga mipaka ni miongoni mwa silaha kongwe za kupambana na maradhi ya mlipuko. Neno karantini lenyewe lilizaliwa katika bandari za Italia zaidi ya miaka 600 iliyopita, meli zilipolazimishwa kusubiri siku 40 kabla ya kushusha abiria. Silaha hii ina makali pande mbili. Upande mmoja hukata njia ya vimelea. Upande wa pili hukata riziki, dawa na huduma za watu ambao pengine hawajaugua kabisa. Makala haya yanaeleza jinsi pande hizo mbili zilivyoonekana wakati wa UVIKO-19 katika shughuli moja isiyozungumzwa sana katika majarida ya afya, nayo ni utalii wa kuzamia katika visiwa vyetu.

Msomaji aliyepo Malangali, hapa Sumbawanga, anaweza kuuliza: sisi tunaishi juu ya uwanda wa Ufipa, takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, habari za wazamiaji zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, hoteli na vituo vya kuzamia vya Unguja, Pemba na Mafia huajiri vijana kutoka mikoa mingi ya bara, na riziki yao inapokatika hurejea kwetu na matatizo yao ya afya. Pili, mkoa wa Rukwa una ziwa lake, visiwa vyake na wazamiaji wake, kama tutakavyoona. Tatu, tunapakana na nchi jirani, na mlipuko mwingine ukitokea, maswali yaleyale ya kufunga au kutofunga njia yatarudi mezani kwetu.

Mambo yalivyokwenda

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi mwaka huohuo likaueleza kuwa janga la dunia. Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 mkoani Arusha, akiwa ametoka safari ya Ulaya. Siku mbili baadaye Zanzibar nayo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, mgeni kutoka nje. Shule zilifungwa, wasafiri waliotoka nchi zilizoathirika wakatakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao, na mwezi Aprili safari za kimataifa za abiria zikasitishwa.

Kusitishwa huko hakukudumu. Tarehe 18 Mei 2020 Tanzania ilifungua tena anga lake, na Zanzibar ikaanza kupokea watalii tarehe 6 Juni. Hata hivyo, kufungua mlango wa nyumba yako hakumlazimishi jirani kufungua wake. Kenya ilikuwa imefunga anga lake tangu Machi na haikurejesha safari za kimataifa hadi tarehe 1 Agosti 2020. Mara tu baada ya hapo ukatokea mvutano baina ya nchi hizi mbili kuhusu nani aruhusiwe kuingia bila karantini, na ndege za mashirika ya Kenya zikazuiwa kutua Tanzania kwa majuma kadhaa. Mwezi Januari 2021 Uingereza ilipiga marufuku wasafiri kutoka Tanzania, marufuku iliyodumu hadi Oktoba mwaka huo. Mwezi Mei 2021 Tanzania yenyewe iliweka masharti ya cheti cha kipimo cha PCR kilichochukuliwa ndani ya saa 72, pamoja na kipimo cha haraka wakati wa kuwasili. Chanjo ilizinduliwa rasmi nchini tarehe 28 Julai 2021. Dharura ya kimataifa ilitangazwa kumalizika tarehe 5 Mei 2023.

Takwimu za wageni zinaonyesha kishindo chenyewe. Zanzibar ilipokea wageni wapatao 538,000 mwaka 2019. Mwaka 2020 walishuka hadi takribani 260,000, yaani chini ya nusu. Mwaka 2021 walipanda hadi kama 394,000, na mwaka 2022 wakafika 548,000, wakivuka kidogo kiwango cha kabla ya janga. Kwa Tanzania nzima, wageni walipungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takribani 620,000 mwaka 2020. Duniani kote, safari za utalii wa kimataifa mwaka 2020 zilipungua kwa zaidi ya asilimia 70.

Vizuizi vya safari hufanya nini hasa?

Ni muhimu mhudumu wa afya aelewe kazi halisi ya kizuizi cha safari, ili asikitukuze wala kukibeza bila sababu. Maambukizi ya ugonjwa kama UVIKO-19 hukua kwa kuzidishana: mgonjwa mmoja huambukiza wawili au watatu, nao huambukiza wengine kadhalika. Kizuizi cha safari hupunguza idadi ya cheche zinazorushwa katika nyasi kavu, lakini hakizimi moto uliokwisha kuwaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulikadiria kuwa kufungwa kwa mji wa Wuhan kulichelewesha kuenea kwa ugonjwa ndani ya China kwa siku tatu hadi tano tu, ingawa kulipunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya wagonjwa waliosafiri kwenda nchi nyingine hadi katikati ya Februari.

Kwa maneno mengine, kinachonunuliwa na kizuizi ni muda. Muda huo una thamani endapo utatumiwa kuandaa vitanda, oksijeni, vipimo, mavazi ya kujikinga na elimu kwa jamii. Usipotumiwa hivyo, gharama hulipwa na faida haionekani. Ndiyo maana Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinataka hatua za nchi zisizidi kiasi kinachohitajika kulinda afya na zitegemee ushahidi. Mwezi Januari 2025, ulipotangazwa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zisiweke vizuizi vya safari na biashara dhidi ya Tanzania. Marburg huambukiza kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa mwenye dalili. Kumtambua mgonjwa mapema na kufuatilia waliokutana naye kuna nguvu kuliko kufunga anga.

Kisiwa, hata hivyo, kina sura yake ya pekee. Milango yake ni michache, bandari na kiwanja cha ndege, hivyo ni rahisi kuifunga. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ikifungwa, kila kitu hufungwa nayo. Utalii huchangia zaidi ya robo ya pato la Zanzibar na sehemu kubwa mno ya fedha zake za kigeni. Hakuna bara la nyuma ya kisiwa la kukimbilia.

Kwa nini utalii wa kuzamia uliumia zaidi

Si kila utalii uliathirika kwa namna moja. Mgeni wa ufukweni anahitaji chumba, chakula na jua. Mzamiaji anahitaji mnyororo mrefu wa watu na vifaa, na ukikatika pete moja, mnyororo wote haufanyi kazi. Kwenye miamba ya matumbawe ya Mnemba, katika mkondo wa Pemba, au katika ghuba ya Chole kisiwani Mafia, kila safari moja ya kuzamia hutegemea nahodha wa boti, mkufunzi mwenye cheti, fundi wa mashine ya kujaza mitungi ya hewa, mwangalizi wa vifaa, mpishi na mvuvi anayeuza pweza na samaki jikoni.

Kuna sababu nne zilizoifanya shughuli hii iwe dhaifu mbele ya janga.

Ya kwanza ni bima. Mzamiaji mwenye busara hasafiri bila bima inayogharimia ajali za majini na kuhamishwa kwa dharura. Serikali ya nchi yake inapotoa tangazo la kutosafiri, bima nyingi hukoma kufanya kazi. Hivyo, hata Zanzibar ilipokuwa wazi, wageni wengi wa Ulaya hawakuweza kuja kwa amani.

Ya pili ni vifaa vya kushirikiana. Kifaa cha kupumulia huwekwa mdomoni, na katika mafunzo wanafunzi hufundishwa kupeana hewa kutoka chanzo kimoja. Kwa ugonjwa unaoenezwa kwa pumzi na mate, hili lilikuwa tatizo la wazi. Vituo vililazimika kubadili taratibu: kila mtu kifaa chake, kuloweka vifaa katika dawa ya kuua vimelea kwa muda uliopendekezwa na watengenezaji, na kuacha desturi ya kutemea mate ndani ya miwani ili kisipatwe na ukungu.

Ya tatu ni gharama zisizolala. Boti isiyokwenda baharini bado huoza. Mashine ya hewa isiyotumika bado huhitaji kubadilishiwa vichujio. Mitungi bado hupaswa kupimwa uimara wake kwa ratiba. Mapato yaliposimama, matunzo yalikuwa ya kwanza kukatwa, na hewa chafu ndani ya mtungi inaweza kuua.

Ya nne, iliyo karibu zaidi nasi sisi wa tiba, ni huduma ya dharura yenyewe. Ajali kubwa ya kuzamia hutibiwa katika chumba cha shinikizo, ambacho kwa Zanzibar kimekuwapo Matemwe, kaskazini mashariki mwa Unguja. Vyumba vya aina hii katika visiwa vingi duniani huendeshwa kwa michango midogo inayotozwa kwa kila mzamiaji. Wazamiaji wakitoweka, mchango nao hutoweka, ilhali mvuvi anayezamia kwa riziki bado anaweza kuumia siku yoyote. Aidha, anga likifungwa, mgonjwa hawezi kuhamishwa kwa ndege kwenda nchi nyingine.

Kutoka mfukoni hadi mwilini

Upungufu wa kipato huingia mwilini kwa njia zinazojulikana. Familia hupunguza milo, kisha hupunguza aina za vyakula. Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu hununua dawa za wiki mbili badala ya mwezi, au huruka siku. Mama mjamzito huahirisha kliniki kwa kukosa nauli. Msongo wa mawazo huongezeka, na ulevi na ugomvi nyumbani hufuata. Hakuna kati ya haya linaloandikwa kwenye cheti kama UVIKO-19, lakini yote ni matokeo ya janga.

Kwa watu wa pwani iliongezeka hatari nyingine: bahari yenyewe. Kijana aliyekuwa akiongoza wageni kutazama matumbawe anapokosa kazi, anarudi kwenye uvuvi, na mara nyingine kwenye kuzamia majongoo bahari na kamba kwa mpira wa hewa unaotoka kwenye mashine ya botini. Mzamiaji wa namna hii hukaa chini muda mrefu, hushuka mara nyingi kwa siku, na mara nyingi hana kipima kina wala saa. Ndiye aliye katika hatari kubwa ya ugonjwa wa wazamiaji, ugonjwa unaoweza kumwacha amepooza miguu akiwa na umri wa miaka 25.

Uhifadhi nao uliguswa. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, na hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, hutegemea kwa kiasi kikubwa fedha za wageni kulipia doria na elimu kwa jamii. Mahali ambapo mgeni halipi, mlinzi wa miamba hana mafuta ya boti. Hili ni suala la afya pia, kwa kuwa mwamba ulioharibiwa hutoa samaki wachache, na samaki ndiye protini ya kwanza ya mtoto wa pwani.

Kwa upande wetu wa bara, kuna jambo moja ambalo mhudumu wa zahanati asilisahau. Maambukizi ya malaria Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia moja ya watu kwa zaidi ya muongo. Mtu aliyeishi huko miaka kadhaa hupoteza sehemu ya kinga aliyojengewa na kuumwa mara kwa mara. Akirudi ghafla mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika au Bonde la Rukwa kwa sababu hoteli imefungwa, anaweza kuugua malaria kali kama mgeni. Wakati wa janga, homa yake iliweza kudhaniwa kuwa UVIKO-19 pekee. Kanuni ni ileile: kila mwenye homa apimwe malaria, hata kama kuna mlipuko wa ugonjwa mwingine.

Ziwa letu, mlima wetu

Rukwa haina bahari, lakini ina Ziwa Tanganyika, na mbele ya Kipili wilayani Nkasi vipo visiwa ambako wageni huja kuzamia kutazama samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani kwingine duniani. Samaki haohao huvuliwa na wazamiaji kwa ajili ya biashara ya samaki wa mapambo inayouzwa nje ya nchi. Ndege za kimataifa ziliposimama mwaka 2020, makundi yote mawili yalipoteza soko kwa wakati mmoja: mgeni hakuweza kuja, na samaki hai hakuweza kwenda.

Hapa ndipo elimu ya shinikizo inapokuwa ya lazima kwa wahudumu wa Ufipa. Tueleze kwa utaratibu.

Juu ya bahari, hewa hutulemea kwa shinikizo la angahewa moja. Kila mita 10 za maji huongeza takribani angahewa nyingine moja. Mzamiaji aliye mita 20 baharini yuko chini ya angahewa tatu. Katika hali hiyo, naitrojeni iliyomo katika hewa anayopumua huyeyuka kwa wingi ndani ya damu na mafuta ya mwili wake. Akipanda taratibu, naitrojeni hutoka kupitia mapafu bila madhara. Akipanda haraka, au akikaa chini kupita kiasi, huunda mapovu, kama chupa ya soda inapofunguliwa kwa pupa. Mapovu hayo huziba mishipa midogo na kuumiza viungo, ngozi, uti wa mgongo na ubongo.

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Hapo shinikizo la hewa si moja kamili bali ni kama 0.91. Sumbawanga, kwenye mita 1,800 hivi, shinikizo ni kama 0.80. Mzamiaji aliyekuwa mita 20 ziwani yuko chini ya angahewa takribani 2.85. Akifika juu ya maji, shinikizo limegawanyika kwa kama tatu na ushei, na mwili wake unaweza kuwa salama. Lakini akipanda gari alasiri hiyohiyo kupitia Namanyere hadi Sumbawanga, shinikizo limegawanyika kwa zaidi ya tatu na nusu. Naitrojeni iliyokuwa imetulia inapata nafasi ya kufanya mapovu.

Linganisha na ndege. Ndani ya ndege kubwa ya abiria, hewa huwekwa sawa na ile ya mlima wa mita kama 1,800 hadi 2,400. Maana yake ni kwamba Sumbawanga, kwa mtu aliyetoka kuzamia, ni sawa na kuwa ndani ya ndege. Wataalamu wa tiba ya kuzamia hushauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja tu, saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na muda mrefu zaidi, walau saa 24, kwa waliozamia hadi kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Ushauri huo ulitolewa kwa wanaoruka kwa ndege, lakini mantiki yake inamhusu pia anayepanda barabara ya Ufipa.

Kurudi majini baada ya UVIKO-19

Jambo la mwisho la kitabibu linahusu mapafu. UVIKO-19 unaweza kuacha makovu, mifuko dhaifu ya hewa, kupungua kwa uwezo wa kubadilisha oksijeni, au uvimbe wa misuli ya moyo. Nchi kavu mtu anaweza kuishi na kasoro hizi bila kuzitambua. Majini mambo ni tofauti. Hewa aliyoivuta akiwa mita 10 huongezeka ujazo mara mbili akifika juu. Ikinaswa ndani ya sehemu ya pafu isiyotoa hewa vizuri, pafu hupasuka, na hewa inaweza kuingia katika mshipa wa damu na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache.

Kwa sababu hiyo, miongozo iliyotolewa Ulaya mwaka 2020 ilikuwa ya tahadhari kubwa, ikitaka mzamiaji asubiri kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu kwa kadiri ya ukali wa ugonjwa, na aliyelazwa hospitali apimwe mapafu na moyo kabla ya kurudi. Kadiri ujuzi ulivyoongezeka na chanjo kuenea, masharti kwa waliougua kidogo yalilegezwa. Kwa aliyehitaji oksijeni au kulazwa, uchunguzi wa daktari bado ni wa lazima. Kwa mkufunzi au mvuvi ambaye njaa inamsukuma arudi majini haraka, agizo hili ni zito; mhudumu amweleze sababu yake kwa upole, na amsaidie kutafuta kazi nyepesi ya nchi kavu kwa kipindi hicho, badala ya kumwandikia tu katazo.

Mambo ya kuzingatia kwa wahudumu wa afya

1. Muulize kila mgonjwa mwenye maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu au kushindwa kukojoa iwapo amezamia ndani ya siku mbili zilizopita, na iwapo amepanda mlima au ndege baada ya hapo. Swali hili halimo katika fomu zetu nyingi, lakini ndilo linalofungua utambuzi. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 24.

2. Ukishuku ugonjwa wa wazamiaji, mlaze mgonjwa chali na umpe oksijeni nyingi iwezekanavyo kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, hata kama kipimo cha kidole kinasoma asilimia 99. Hapa oksijeni haitolewi kwa sababu imepungua katika damu. Inatolewa ili kuisukuma naitrojeni itoke.

3. Mpe maji ya kutosha, na usitumie kabisa gesi ya nitrasi oksaidi kutuliza maumivu, kwa kuwa hukuza mapovu.

4. Mgonjwa akiwa mwambaoni, anzisha oksijeni katika kituo cha karibu kabla ya kumpandisha uwandani, wala isikatizwe njiani. Wasiliana mapema na hospitali ya rufaa na wataalamu wa tiba ya kuzamia ili rufaa ipangwe. Akisafirishwa kwa ndege, rubani aombwe kuruka chini kadiri usalama unavyoruhusu.

5. Kumbuka kuwa hapa Ufipa kiwango cha kawaida cha oksijeni kwa mtu mzima mwenye afya kinaweza kuwa chini kidogo ya kile cha pwani. Soma kipimo pamoja na hali ya mgonjwa: anapumua mara ngapi kwa dakika, anaweza kumaliza sentensi, midomo yake ina rangi gani.

6. Tunza mitambo ya oksijeni. Kupitia mpango wa serikali wa shilingi trilioni 1.3 uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, sekta ya afya ilipata vifaa vingi, ikiwemo mitambo ya kuzalisha oksijeni. Mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya UVIKO-19 ndio utakaomwokoa mtoto mwenye nimonia, mama anayevuja damu na mzamiaji wa Kipili. Ukikosa fundi na vipuri, tutakuwa tumeupoteza muda ule tulioununua kwa gharama kubwa.

Kwa wagonjwa na wasafiri

Ikiwa unaishi na ugonjwa wa muda mrefu na kazi yako inategemea wageni, usiache dawa kimyakimya kipato kinapokatika. Mweleze mhudumu hali yako. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu zaidi, na huduma za VVU na kifua kikuu hutolewa bila malipo. Unapohama kurudi nyumbani, chukua kadi yako ya kliniki na barua ya rufaa, ili kituo kipya kisianze upya.

Ikiwa unazamia, kwa starehe au kwa riziki, usizamie ukiwa na mafua, kikohozi au homa. Panda taratibu, usibane pumzi unapopanda. Ukimaliza, lala mwambaoni usiku huo kabla ya kupanda Sumbawanga. Maumivu ya bega au goti baada ya kuzamia usiyakande na kuyapuuza kama uchovu wa kawaida.

Ikiwa unasafiri kwenda visiwani, soma masharti ya bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi kuwa na bima ya safari inayotolewa na shirika la bima la Zanzibar. Hilo ni funzo jema la janga, lakini mzamiaji athibitishe mwenyewe kama bima aliyonayo inagharimia ajali za majini na matibabu ya chumba cha shinikizo.

Hitimisho

Mwezi Mei 2020 Zambia ilifunga kwa siku chache mpaka wa Nakonde, upande wa pili wa Tunduma, baada ya maambukizi kuongezeka miongoni mwa madereva na watumishi wa mpakani. Malori yalijipanga, bidhaa zikachelewa, na watu wa nyanda hizi wakaonja kwa kiasi kile ambacho visiwa vilikunywa kikombe kizima. Kizuizi cha safari kinaweza kuwa uamuzi sahihi, lakini ni sawa na dawa kali: hutolewa kwa dozi inayofaa, kwa muda unaojulikana, na kwa kuangalia madhara yake kwa mgonjwa. Anayeamua kufunga njia anapaswa siku hiyohiyo kuulizwa maswali matatu. Muda tunaoununua tutaufanyia nini? Nani anaulipia kwa njaa yake? Na huduma gani za dharura zitakwama pamoja na ndege?

Maswali hayo hayamhusu waziri peke yake. Mganga mfawidhi wa kituo cha mwambaoni anaweza kuyajibu kwa sehemu yake leo hii, kwa kuhesabu mitungi yake ya oksijeni, kuandika swali la kuzamia katika daftari la wagonjwa wa nje, na kujua wagonjwa gani wa dawa za kudumu watakwama wa kwanza barabara ikifungwa.